MVUA HAINA KOSA: TUPIME NJIA YA MAJI KABLA YA KUPIMA VIWANJA

Ndugu wananchi wa Kilambo, wa Mtwara na wa pwani yote ya Ruvuma, kila mwaka mvua zikianza Desemba hata zikome Aprili, twasikia wimbo ule ule. Maji yameingia nyumbani kwa watu. Godoro limelowa, unga umelowa, madaftari ya watoto yamelowa, choo kimefurika na kisima kimechafuka. Kisha hufika mkubwa mmoja amevaa viatu vya mpira, akatazama, akatikisa kichwa, akasema maneno mawili. Neno la kwanza, mvua ya mwaka huu imezidi. Neno la pili, wananchi ni wakaidi, wamekatazwa kujenga mabondeni nao wamejenga. Akiisha kusema hayo hupanda gari lake, akarudi mahali pakavu.

Sisi twakataa maneno hayo yote mawili. Mvua haina kosa. Mvua ilikuwako kabla ya mji, na maji yalikuwa na njia yao kabla mtu yeyote hajaleta kamba ya kupimia. Wala mwananchi hakujiuzia kiwanja mwenyewe. Yuko aliyekikata, yuko aliyekiuza, yuko aliyegonga muhuri, na yuko aliyepokea kodi yake kila mwaka bila kuuliza maji yatapita wapi. Mafuriko ya mjini ni kazi ya mikono ya watu, na kazi ya mikono ya watu inaweza kuzuiwa na mikono ya watu.

Twaandika haya hasa kwa ajili ya Kilambo. Wako watakaocheka. Watasema: Kilambo ni kijiji cha mpakani, penye kivuko cha kwenda Msumbiji, mambo ya mitaro na mipango miji ni ya Mtwara na Dar es Salaam. Tunawajibu kwamba hiyo ndiyo sababu ya kusema sasa. Mji haushuki kutoka mbinguni. Mji huanza kwa kivuko, ofisi ya forodha, maduka mawili, mama anayeuza chakula, nyumba ya kulala wageni, kituo cha magari. Barabara ikitengenezwa, maduka mawili huwa ishirini. Na mahali pa kwanza kujengwa huwa ni kando ya barabara, ambako mara nyingi ndiko maji yanakovuka. Atakayengoja mpaka Kilambo iitwe mji ndipo aulize maji yapite wapi, ataambiwa kama walivyoambiwa wengine: umechelewa, nyumba zimekwisha kusimama.

HESABU YA BATI

Kabla ya kulaumiana, na tufanye hesabu, maana hesabu haimwogopi mkubwa wala haimpendelei mdogo. Mvua hupimwa kwa milimita. Milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi chukua nyumba ya kawaida, bati lake urefu mita 10 na upana mita 8. Hizo ni mita 80 za mraba. Ikinyesha mvua kubwa ya milimita 50, nayo si ajabu katika pwani yetu, bati hilo moja humwaga lita 4,000, yaani ndoo 200 za lita 20. Nyumba mia moja zilizopangwa mlimani humwaga ndoo 20,000. Ndoo hizo zote huteremka. Zateremkia wapi? Zateremkia kwa yule aliyenunua kiwanja cha bei rahisi bondeni.

Zamani ardhi ile ile ilikuwa na mchanga, majani, miembe na mikorosho. Ardhi ilikunywa. Maji yaliyobaki yalikwenda polepole kwenye bwawa, yakakaa, yakanywea. Leo mahali pa mchanga pana saruji, mahali pa majani pana lami, na bwawa limefukiwa kifusi likauzwa. Mvua ni ile ile, lakini ardhi imefungwa mdomo.

Na sisi wa kusini tuna jambo letu. Fedha za korosho huanza kulipwa mnadani kuanzia Oktoba na kuendelea. Mkulima akipata fedha, jambo la kwanza ni bati, naye ana haki. Nani asiyetaka nyumba bora? Lakini angalia kalenda: bati linapanda Novemba, mvua inafika Desemba. Kila mwaka twaongeza paa jipya mwezi mmoja kabla ya maji, na hatuongezi hata hatua moja ya mtaro. Bati si adui. Adui ni bati lisilo na mlizamu, mtaa usio na mtaro, na halmashauri isiyo na hesabu.

Mji wa Mtwara na Mikindani ulikuwa na watu zaidi ya 108,000 katika hesabu ya mwaka 2012. Katika hesabu ya mwaka 2022 wamezidi 146,000. Kwa miaka kumi wameongezeka watu wa kujaza mji mwingine mdogo. Miaka ile ya habari za gesi, viwanja vilikimbiliwa na watu kutoka mbali ambao hawakupata kuiona ardhi hiyo wakati wa mvua. Walinunua kiangazi, walijenga kiangazi. Waliokuja kuishi ndani yake masika ni wapangaji na maskini.

MPANGO WA MBALI

Tusisahau jinsi mji huu ulivyozaliwa. Baada ya vita vya pili vya dunia, Waingereza walileta Mpango wa Karanga. Wakachora bandari Mtwara, wakachora reli mpaka Nachingwea, wakachora mji wenye barabara pana, na mahali pa upepo wa bahari, Shangani, pakawa pa wakubwa. Kule Kongwa walilima ardhi ambayo mvua yake hawakuijua na udongo wake hawakuujua. Jua lilipowaka udongo ukawa mgumu kama tofali. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Bandari ilimalizika mwaka 1954 na ipo mpaka leo, lakini reli iling'olewa. Mamilioni ya paundi yalipotea kwa sababu waliochora walikaa mbali na waliojua ardhi hawakuulizwa.

Wakoloni walikwenda, lakini je, tabia ile ilikwenda nao? Mtu akichora viwanja mezani, kwa rula, mistari iliyonyooka juu ya karatasi bapa, bila kwenda mahali penyewe wakati wa mvua, bila kumwuliza mzee mmoja aliyekaa hapo miaka sitini, ana tofauti gani na bwana wa karanga? Karatasi haina bonde. Katika karatasi kiwanja namba 40 ni sawa na kiwanja namba 41. Katika ardhi, kimoja ni nyumba na kingine ni mto.

Ukitaka mfano mkubwa, tazama Dar es Salaam. Bonde la Msimbazi lilijulikana kuwa ni mahali pa hatari tangu zamani. Mpango wa mji wa mwaka 1979 uliliweka katika ardhi isiyofaa kujengwa. Hata hivyo watu walizidi kukaa humo, kwa kuwa hawakuwa na mahali pengine karibu na kazi zao. Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha, watu zaidi ya 40 wakafa, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande, mbali na mji. Desemba 2015 nyumba za mabondeni zikavunjwa. Wakaambiwa: hapa si mahali pa binadamu kukaa. Vema. Lakini katika bonde hilo hilo, pale Jangwani, ikajengwa karakana ya mabasi ya mwendo kasi, yakaanza kazi mwaka 2016, na mara kwa mara maji yakaingia karakanani yakaharibu mabasi ya umma.

Na tuulize basi. Mama aliyejenga chumba kimoja Jangwani aliitwa mkaidi. Waliojenga karakana ya mabasi mahali hapo hapo waitwe nani? Nao walikuwa na wahandisi, ramani na mwanasheria. Hatusemi haya kwa furaha. Basi lililoharibika ni mali ya wananchi, na limelipwa kwa kodi ya wananchi. Twasema ili neno hili "ukaidi wa wananchi" lisitumiwe tena kama blanketi la kufunika makosa ya ofisini. Baadaye, mwaka 2022, Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya kulitengeneza bonde la Msimbazi: kupanua mto, kujenga daraja, kuhamisha watu na karakana. Dola milioni 200! Huo ni mkopo, nao utalipwa na watoto wetu. Hiyo ndiyo bei ya kuuza njia ya maji kwanza na kuinunua tena baadaye. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi hapa hatuna fedha za ukuta.

Mtwara nayo iliingizwa katika Mradi wa Miji Mkakati ulioanza mwaka 2010 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, pamoja na Tanga, Arusha, Mwanza, Mbeya, Kigoma na Dodoma. Zilijengwa barabara za lami, mitaro na dampo. Kazi hiyo twaisifu. Aliyepita mjini kabla na baada anajua tofauti. Lakini mtaro wa saruji ni kama barabara: una mwanzo na una mwisho. Mtaro unaotoa maji mtaa mmoja na kuyaacha mtaa wa chini haukuondoa mafuriko, umeyahamisha. Wananchi wa mitaa ya chini kama Kiyangu hawahitaji mtu wa kuwafundisha jambo hilo.

ELIMU TULIYO NAYO

Wako wasemao kwamba elimu ya maji ya mvua ni mpya, lazima ije na wageni na semina. Hapana. Mkulima wa mpunga wa bonde la Ruvuma hajapata kupigana na mto. Mto ukipanda, anaacha shamba linywe. Mto ukishuka, anapanda katika udongo uliolowa. Nyumba yake huiweka mahali palipoinuka. Shamba chini, nyumba juu. Sheria hiyo haikuandikwa na wizara yoyote, lakini imewalisha watu vizazi vingi. Ukimwambia mkulima huyo ajenge chumba cha kulala watoto katikati ya jaruba, atakuona huna akili. Basi kwa nini tukubali mjini jambo ambalo shambani lingetuchekesha?

Panda tena juu, Newala na Tandahimba, kwenye uwanda wa Makonde. Kule tatizo ni la pili: maji hayakai, ardhi inayameza mpaka chini sana, na chemchemi ziko mabondeni. Akina mama wamebeba maji kichwani kwa mwendo mrefu tangu enzi za babu zetu. Wakafanyaje? Wakachimba mashimo uani, wakayasakafia saruji, wakakinga maji ya paa. Mvua ya masika ikanywewa kiangazi. Hawakungoja semina. Tazama sasa jambo la kushangaza: katika mkoa mmoja, watu wa juu wanahesabu kila ndoo inayotoka batini, na watu wa chini wanakesha wakichota maji sebuleni na kuyamwaga barabarani. Maji ni yale yale, bati ni lile lile. Kinachokosekana mjini ni utaratibu.

Wachina nao, tangu mwaka 2015, walichagua miji 16 ya majaribio ili ardhi ya mji inywe maji tena kama sponji: bustani zilizo chini kuliko barabara, mabwawa, vibamba vya njia vinavyopitisha maji. Ni jambo jema, na kwa asili yake halipiti akili ya mwenye shamba la mpunga. Lakini tujifunze na upande wa pili. Julai 2021 mji wa Zhengzhou, uliokuwa umetumia fedha nyingi katika kazi hiyo, ulinyeshewa milimita 201.9 kwa saa moja tu, na watu wengi wakafa. Maana yake nini? Maana yake tangi, bustani na shimo la kunyonya husaidia mvua za kila mwaka. Lakini siku ya mvua kuu hakuna kinachookoa ila njia pana iliyoachwa wazi. Yatupasa tuwe na vyote viwili: kukinga maji, na kuyaachia njia.

Na mvua kuu zinakuja. Wazee wa Lindi wanakumbuka kimbunga cha Aprili 1952. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, ng'ambo ya mto wetu huu; Mtwara watu walihamishwa kwenda mahali pa juu, na ndugu zetu wa mji wa Pemba wa Msumbiji walifurikiwa na mvua iliyofuata. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua Mafia, na mvua zake zikakata barabara wilayani Kilwa, abiria wakakwama, Lindi na Mtwara zikatengwa na Dar es Salaam. Wataalamu wanasema joto la bahari linaongezeka na mvua kubwa zitazidi kuwa kubwa. Basi anayetuambia "hii ni tabia ya nchi, hakuna la kufanya" anageuza sababu ya kufanya kazi kuwa sababu ya kulala.

ARDHI INGALI MIKONONI MWETU

Sasa tufike kwenye kiini. Kwa nini Kilambo, na kwa nini sasa?

Kwa sababu ya sheria. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti katika mgawo wa ardhi hiyo. Kijiji kinaweza kufanya mpango wake wa matumizi ya ardhi chini ya Sheria Na. 6 ya mwaka 2007. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo na kuzipeleka halmashauri ya wilaya zikubaliwe. Maana yake ni kwamba leo, ndugu wa Kilambo, mkutano wenu chini ya mwembe una nguvu ambayo mpangaji wa Kiyangu hana na mkazi wa Jangwani hakuwa nayo. Lakini siku eneo litakapotangazwa kuwa la mipango miji, mambo hayo yatahamia meza nyingine, na mtakuwa waombaji. Nguvu isiyotumika wakati wake ni kama mvua iliyopita bila tangi.

Basi twataka mambo haya, na twayataja moja moja ili asiwepo wa kusema hakuelewa.

Kwanza, njia za maji zijulikane kabla ya kiwanja kimoja zaidi kukatwa. Masika haya, wakati maji yanapita, wazee, vijana, mwenyekiti wa kijiji na mtendaji watembee pamoja. Kila mkondo upigwe vigingi, kila bwawa lizungushiwe alama, hata lile linalokauka Julai; maana hilo ndilo linalouzwa Agosti. Asiseme mtu kazi hiyo ni ya wataalamu peke yao. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa walichora ramani za mitaro na mahali pa mafuriko kwa simu za mkononi, katika kazi iliyoitwa Ramani Huria. Simu hizo na vijana hao tunao na sisi.

Pili, njia hizo ziandikwe katika mpango wa ardhi wa kijiji na katika sheria ndogo, kwamba haziuzwi, hazigawiwi wala hazifukiwi. Sheria ya nchi iko upande wetu: Sheria ya Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto na ufuko. Sheria hiyo imekuwa ikikumbukwa siku ya kuvunja nyumba. Sisi twataka ikumbukwe siku ya kukata kiwanja.

Tatu, anayegawa au kuidhinisha kiwanja katika njia ya maji iliyokwisha kuwekewa alama, jina lake lisomwe katika mkutano mkuu, na hasara ya mnunuzi iwe juu yake. Mpaka sasa hasara huwa juu ya aliyenunua peke yake: anatoa fedha, anapewa risiti, anafurikiwa, kisha anavunjiwa. Mwenye muhuri anahamishiwa wilaya nyingine. Huo ni unyonyaji, hata ukivaa suti ya ofisi. Na aliyekwisha kukaa bondeni kwa karatasi halali asifukuzwe kama mwizi. Apewe kiwanja mahali pa juu, karibu na riziki yake, ndipo aombwe ahame.

Nne, kila paa la umma liwe na mlizamu na tangi: shule, zahanati, ofisi ya kijiji, msikiti, kanisa, soko. Paa la madarasa lenye mita 200 za mraba, mahali panaponyesha milimita 1,000 kwa mwaka, hupokea lita 200,000. Hata kama sehemu ya tano inapotea, zabaki lita 160,000, nazo ni ndoo 8,000. Mtoto anayetumwa na ndoo kichwani asubuhi, na darasa lake limemwaga ndoo 8,000 mchangani, amedhulumiwa. Tangi lifunikwe vizuri mbu wasizaliane, maji ya mvua ya kwanza yaachwe yapite na uchafu wa bati, na maji ya kunywa yachemshwe. Tangi likijaa, ziada iende kwenye shimo la kunyonya penye mchanga. Na mahali ambapo maji yako karibu juu ya ardhi, shimo halifai, basi iende mtaroni.

Tano, hakuna barabara bila mtaro, na hakuna mtaro bila mwisho. Wakala wa barabara za mijini na vijijini, TARURA, uliundwa mwaka 2017. Wakija kutengeneza barabara, swali letu la kwanza lisiwe lami itafika lini. Liwe: kalavati litakaa wapi, na maji yakitoka hapo yanaishia kwa nani? Mkandarasi asiyeweza kujibu asiwekewe saini. Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini iko hapa hapa Mtwara. Iitwe mkutanoni, isingojwe ije baada ya msiba.

Sita, fedha ya kusafisha mitaro iandikwe katika bajeti kwa jina lake, na ubandikwe ubaoni mwezi wa kusafisha, nao uwe Novemba, kabla ya mvua. Mtaro unaozibuliwa Februari ni matanga.

TUSIJISAMEHE

Lakini Chama hakiwezi kuwaambia viongozi ukweli kikawaficha wananchi. Nani ametupa mifuko, maganda ya madafu na nguo kuukuu mtaroni? Nani amejenga ukuta juu ya kalavati ili aongeze hatua tatu za ua wake? Nani amemfukia jirani mkondo usiku, akiomba mvua isimpate yeye? Huyo si serikali, huyo ni sisi. Mwenye nyumba ya mlimani anasema: mimi maji hayanifikii. Kweli, hayamfikii, kwa kuwa yanatoka kwake. Ujirani gani huo wa kumpelekea mwenzio ndoo 200 kila mvua, halafu asubuhi kumpa pole?

Wako tena wasemao: hakuna fedha. Kupiga vigingi hakutaki mkopo. Kutembea na wazee hakutaki mhisani. Kusafisha mtaro kunataka jembe, reki na siku moja ya kujitolea. Kupanda miti na majani juu ya mkondo ili udongo usibomoke kunataka miche. Mambo ya fedha nyingi, kama mitaro mikubwa ya saruji, tutayadai, na tutayadai kwa sauti. Lakini yale yasiyotaka fedha yakikosekana, kosa halitakuwa la Hazina.

Ndiyo maana twawaagiza mabalozi wa nyumba kumi, vijana wetu na akina mama wa Chama: jambo hili liingie katika mikutano yetu sawa na kadi na ada. Balozi ajue katika nyumba zake kumi ni mabati mangapi hayana mlizamu, ni ua ngapi zimezuia mkondo, na maji ya mtaa wake yanaishia kwa nani. Walimu wafanye hesabu ya bati darasani. Mtoto akijua kwamba paa lao linatoa ndoo 200, atamwuliza baba, na baba atakosa jibu la kukwepa.

Mwisho twasema na wale wenye haraka ya kuuza. Tunajua mnavyosema: Chama kinazuia maendeleo, kinaogopesha wanunuzi, kinataka Kilambo ibaki kijiji. Ni uongo. Sisi twataka Kilambo iwe mji, mji wa mpakani wenye soko, bandari ya kivuko, shule na hospitali, mji wa kumfanya Mmsumbiji na Mtanzania wakutane kwa biashara na udugu. Lakini twataka mji ambamo mtu maskini analala usiku wa mvua kama tajiri anavyolala, bila kuweka miguu ya kitanda juu ya matofali. Uhuru wetu ulikuwa ni kwa ajili ya kumwondoa mwananchi katika mambo ya kudharauliwa. Hakuna dharau kama kumwuzia mtu njia ya maji, kupokea fedha yake, na kumwita mkaidi maji yanapokuja kudai haki yao.

Maji hufuata mkondo. Hayasomi hati, hayaogopi muhuri, hayapokei rushwa. Mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kabla ya masika, vigingi vichongwe, na atakayepinga aje apinge mbele ya watu, mchana, huku akionyesha kwa kidole mahali ambapo maji yapite.

UHURU NA KAZI!